Fimbo ya Tanuri la Wote

Asubuhi za kijijini kwetu Kabuta huanza na baiskeli. Hata kabla hujanawa uso utazisikia zikilia nje ya uzio, zimebebeshwa matenga ya samaki, wenyewe wakikanyaga kwenda vijiji vya bara ambako ziwa halionekani. Baada ya baiskeli hufuata fagio. Mjukuu wangu Esnart hufagia uwanja, huchota maji, hukoka moto, kisha huja mlangoni kwangu, hupiga magoti na kupiga makofi polepole kwa heshima.

“Mwashibukeni, Kambo?” Kwa Kibemba chetu ananiuliza: umeamkaje, bibi?

“Nimeamka, mwanangu. Mungu amenipa siku nyingine.”

Mwaka wa hadithi hii Esnart alikuwa na miaka kumi na miwili. Nchi ya ng’ambo ya ziwa ilikuwa imetoka kuacha jina la Zaire na kurudia la Kongo, na wauza samaki walikuwa bado wanajikwaa ulimi, mara hili, mara lile. Mtoto huyu alizaliwa mjini Kitwe, baba yake akifanya kazi mgodini. Kazi zilipopungua, wazazi walimleta kwangu asome huku wakati wao wanatafuta njia nyingine. Nilishukuru sana. Nyumba ya bibi isiyo na mtoto ni jiko lisilo na majivu. Esnart alikuwa mtiifu na mwepesi wa kazi. Ukimwambia jambo, alilishika kama kaa anavyoshika kidole, haachii.

Sasa nikueleze habari za tanuri, maana bila tanuri hutaielewa hadithi.

Zamani kila mama wa Kabuta alibanika samaki wake peke yake juu ya shimo la wazi. Kuni ziliisha upesi, moshi ulituumiza macho, na mvua ikinyesha kazi yote ilikuwa bure. Siku moja Idah, mama mwenye sauti ya kuweza kuita mtumbwi ulioko katikati ya ziwa, alirudi kutoka kwa dada yake huko Mansa na habari za tanuri lililofungwa pande zote. Hakuwa na mchoro. Alituchorea mchangani kwa kidole. Tulitazama, tukabishana, kisha tukafyatua matofali ya udongo wa kichuguu. Dada yangu mkubwa, Eneless, akasema mdomo wa moto utazame mbali na ziwa ili upepo usiusumbue. Mwingine akaongeza bomba la moshi. Naye Angèle, mama wa ng’ambo aliyekuwa akivuka kununua samaki wabichi kwetu, akatuonyesha jinsi ya kupanga vichanja vya waya, kimoja juu ya kingine, ili cha chini kikipata moto wa kutosha kipandishwe na cha juu kishushwe. Wazo lake hilo ndilo lililotuokolea kuni.

Tanuri halikuwa na mwenyewe. Ndivyo tulivyopatana. Anayetaka kubanika, aje abanike. Anayetaka kujenga kama hilo kwake, aje alipime kwa kamba, aende akajenge, haombi ruhusa kwa mtu. Akiona namna iliyo bora zaidi, arudi atuambie. Matanuri yakaota ufukoni kama uyoga, mengine hata ng’ambo, na karibu kila moja lilikuwa na kitu kidogo kilichoongezwa na mkono mwingine.

Sheria zetu zilikuwa za mdomo tu. Moto usiachwe peke yake. Kila mtu angoje zamu yake. Pasiwe na matusi. Kila siku nyumba moja ilitoa mlinzi, naye alishika fimbo ndefu ya kusukumia kuni. Lakini mlinzi ana ruhusa ya kufanya nini, na ruhusa hiyo inaishia wapi, hakuna aliyewahi kulisema. Sisi tulijuana tangu ujana wetu, tukadhani mambo hayo yanajulikana.

Jumamosi moja mwishoni mwa Novemba ilifika zamu ya nyumba yangu. Mvua zilikuwa zimeanza, na siku chache mbele ziwa lingefungwa ili samaki wazae. Ziwa likifungwa, hakuna kuvua mpaka mwaka mpya uwe umekua. Kwa hiyo kila mtu alikuwa anakimbilia kubanika samaki wake wa mwisho. Mimi mguu ulikuwa umevimba, siwezi hata kuvaa ndala.

“Kambo, niende mimi,” Esnart akasema.

Akaenda. Idah akamkabidhi fimbo. “Leo wewe ndiye mlinzi. Moto usizimike. Na matusi hapa hatutaki, umesikia?”

“Nimesikia, mukwai,” akajibu kwa neno letu la heshima.

Idah akateremka majini kuupokea mtumbwi wa mume wake. Haya yaliyofuata alinisimulia binti yake, Ennie, rafiki wa Esnart, ambaye macho yake hayapitwi na jambo.

Ennie ndiye aliyeanza uchokozi. “Ee, bwana mkubwa wa moshi! Mbona umeshika fimbo kama askari wa halmashauri? Utatutoza kodi?”

“Kaa mbali na mdomo wa moto,” Esnart akamjibu bila kucheka.

Akaja Maggie, mama mwenye sauti laini kama uji wa mgonjwa. “Mwanangu Esnart, una akili kama mwalimu. Nani amekusuka nywele vizuri hivyo?” Huku akisifu, mikono yake ilikuwa inapandisha vichanja vya wenzake juu penye joto hafifu, na kuteremsha cha kwake chini penye joto zuri. Esnart akatabasamu kwa sifa. Alikuwa anasikiliza maneno, hakutazama mikono.

Ndipo Angèle akafika, amelowa, tenga la samaki kichwani. Alilitua taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

“Hii ndiyo ya mwisho,” aliwaambia wanawake kwa Kiswahili cha kwao Kongo. “Nikifika nayo muzuri kule ng’ambo, batoto bangu batakula mpaka ziwa lifunguliwe. Ikioza, bon, tutakula maji.”

Wakampisha. Akapanga samaki wake kwenye vichanja, akavisukuma ndani, akafunga mlango wa bati. Samaki walikuwa wameanza kupata rangi wakati dada yangu Eneless alipotokea na mzigo wa kuni kichwani.

“Eh! Weye mbuzi ya zamani!” Angèle akapaza sauti. “Ungali hai? Mwaka jana nilileta chumvi ya kukula weye. Chumvi imeyeyuka, na weye bado unalia mee!”

Eneless akabwaga kuni, mikono kichwani. “Mnamsikia? Mnamsikia paka huyu wa madoadoa, asiyenawa uso? Nani amemfungulia?”

“Toka hapa! Ndevu zako zinaanguka mu samaki yangu, mbuzi wa kunuka!”

“Uuwi! Nimekufa! Nimetukanwa mbele za watu!” Eneless akajifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika, akageuka kwenda kuchukua mzigo wa pili wa kuni.

Watu wazima waliokuwapo waliendelea na kazi zao, wengine wanajifuta machozi ya kucheka. Esnart yeye aliona kitu kingine. Aliona dada ya bibi yake anaondoka analia.

Akasimama na fimbo yake. Ennie akamshika mkono. “Esnart, acha. Huoni watu wanacheka?”

“Wanamcheka kambo wangu! Na mimi ndiye mlinzi.” Akajinasua. “Mama, umemtukana kambo. Hapa matusi hayaruhusiwi. Toa samaki wako uende.”

Angèle akacheka kwa sauti. “Kumbe na kambuzi kadogo kanalia mee!”

Hapo ndipo mtoto alipowaka. Akafungua mlango wa bati, akaingiza fimbo, akavuta vichanja vya Angèle, kimoja, kingine, na kingine, akavitua chini penye tope, katika manyunyu ya mvua.

Kicheko cha Angèle kikakatika. Alitazama samaki, akatazama wanawake waliokuwa pale. Kila mmoja akatazama pembeni. Maggie akashughulika na kichanja chake. Si kwamba walikubali. Kila mmoja alidhani labda mlinzi amepewa ruhusa hiyo na wengine, yeye tu ndiye hakuambiwa.

“Bon,” Angèle akasema polepole. “Mi niko mugeni huku. Mwenye nyumba akisema toka, mugeni anatoka.”

Akaokota samaki mmoja mmoja, akawafuta kwa kanga yake, akawarudisha tengani. Akafunika kwa majani ya mgomba, akajitwika, akashika njia ya kwenda mwaloni, ufukoni zinapotia boti.

Muda si mrefu Eneless akarudi na kuni zake. “Chui wangu yuko wapi? Nimepata tusi jipya, nimelitunga njiani.”

“Nimemfukuza, Kambo,” Esnart akasema, kifua mbele. “Alikutukana mpaka ukalia.”

“Nililia? Mimi?” Dada yangu alishusha kuni kama mtu aliyesahau kwamba anazo. “Mtoto, nilikuwa nacheka hadi mbavu zinauma! Umemfukuza Angèle? Mayo, mayo! Umemfukuza mtu atakayenizika!”

Walipofika kwangu wote wawili, mvua ilikuwa inaongezeka. Eneless hakuweza kusema vizuri. Esnart alikuwa ameishika ile fimbo bado, lakini sasa aliishika kama mtu aliyeokota nyoka gizani akidhani ni kamba.

Nikamketisha karibu yangu. “Sikiliza, mwanangu. Sisi ni watu wa ukoo wa Mbuzi. Mama yako ni Mbuzi, na wewe ni Mbuzi. Angèle ni wa ukoo wa Chui. Koo hizi ziko pande zote mbili za ziwa. Mpaka ulichorwa majini, haukuchorwa katika damu yetu. Chui na Mbuzi ni watani. Utani huo sisi tunauita bunungwe. Mtani wako anaweza kukuita jina lolote, nawe ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa.”

“Hata mbuzi wa kunuka?”

“Hata hilo. Lakini siku ya msiba, mtani ndiye anayeshika jembe la kaburi. Yeye ndiye anayepika. Yeye ndiye anayewachekesha waliofiwa mpaka wapate nguvu ya kumeza chakula. Mume wa kambo wako Eneless alipofariki, Angèle alivuka ziwa siku ya mawimbi. Akasimama kando ya kaburi akamwambia maiti, ‘Mzee, ulikula mbuzi wangu ukanenepa, sasa tazama, shimo halikutoshi!’ Dada yangu hakuwa ametia kitu kinywani tangu kifo. Siku hiyo akacheka, na jioni akala.”

Eneless akaitikia kwa kichwa, anajifuta uso. Safari hii machozi yalikuwa ya kweli.

 Esnart akauliza, si kwa ujeuri, “Kambo, mbona hakuna aliyeniambia mlinzi asifanye hivyo?”

Tukatazamana, mimi na dada yangu. Lilikuwa swali la haki.

“Samaki wake wako mvuani,” nikasema. “Maswali yatangoja. Kimbia mbele, umzuie asipande boti. Sisi tunakuja.”

Akakimbia. Nami nikauburuta mguu wangu, Eneless akanishika kwapa, mbuzi wawili wazee wanaotembea kwa miguu mitatu.

Mwaloni, Angèle alikuwa ameshusha tenga lake mbele ya wanunuzi. Mmoja alimbonyeza samaki kwa kidole, akakunja pua. “Huyu si mbichi, si mkavu. Nani atamla, mama?” Wanunuzi wakapita. Boti ya ng’ambo ilikuwa inapakia, mwenye boti anaita abiria. Angèle alisimama ameshika kiuno, kama mtu anayehesabu midomo ya nyumbani kwake.

Esnart akapiga magoti kwenye mchanga uliolowa. Akapiga makofi polepole, kichwa chini. “Mama Angèle, nisamehe. Sikujua. Nilidhani kambo analia.”

Angèle akauliza, “Nani alikupatia ruhusa ya kunitoa?”

“Hakuna, mama. Niliambiwa nilinde. Sikuambiwa namna ya kulinda.”

Sisi tukawa tumefika, tunahema. Eneless akasema, “Chui, rudi. Mtoto amekosa, nasi wakubwa tumekosa. Rudi ubanike samaki wako.”

Nilidhani Angèle atacheka na kubeba tenga lake. Hakucheka.

“Dada, nikirudi leo juu ya huruma yenu, kesho mutu mwingine atanitoa juu ya hasira yake,” alisema. “Mi nilitoka na tenga langu, na bamama bote bakanyamaza. Hakuna mutu alijua kama ile mutoto iko na haki ao haina. Mi mwenyewe sikujua. Ile ndiyo iliniumiza, kupita samaki. Tutengeneze maneno, yajulikane. Hapo nitarudi.”

“Mama Angèle!” mwenye boti akaita. “Tunaondoka! Unakuja ao haukuji?”

Alitazama boti, akatazama samaki. Mvua iligonga majani ya mgomba yaliyowafunika. Boti ile ikienda, ingempasa kulala Kabuta, na hakuwa na hakika kama samaki watapona. Esnart alikuwa bado amepiga magoti. Hakuthubutu hata kupangusa maji usoni.

“Mutengeneze maneno leo?” Angèle akatuuliza.

“Leo leo,” nikasema.

“Nendeni!” akampigia kelele mwenye boti. “Mi niko na baraza!”

Esnart akaomba kubeba tenga. Lilikuwa zito kumshinda, lakini hakulitua hata mara moja mpaka tanurini, na Angèle alitembea nyuma yake akilishikilia kidogo kwa vidole bila yeye kujua. Niliona nikashukuru kimoyomoyo.

Idah alikuwa amesharudi na kusikia yote. Tulipotaka kuanza kusema, akatukata. “Samaki hawangoji baraza. Tuwaokoe kwanza, maneno baadaye.” Akaita kwa ile sauti yake, na kila mama aliyekuwa na kichanja cha chini akakipandisha mwenyewe, bila kunung’unika, ili samaki wa Angèle wapate joto zuri. Moto ukachochewa kwa kuni za dada yangu. Punde, moshi wa buluu ukaanza kutoka bombani, nasi tukaketi chini ya kipaa cha nyasi kilichofunika tanuri, mvua ikimwagika pande zote kama pazia.

Maggie akatangulia kusema, kwa utamu wake. “Mimi naona matusi yote yapigwe marufuku, hata ya watani. Itakuwa rahisi.”

“Rahisi kwa nani?” Eneless akadakia. “Ukiniondolea chui wangu, nani atanizika? Wewe? Wewe utanilia kwa sauti ndogo, nisisikie!”

Watu wakaangua kicheko. Idah akanyoosha mkono. “Matusi ya kweli yapo, na yanaumiza. Ya watani ni chumvi yetu. Mlinzi atayatofautishaje? Hasa mgeni, hasa mtoto?”

 Wazee tulikuna vichwa. Ndipo Esnart, aliyeketi nyuma ya wote, akasema kwa sauti ya chini, “Mukwai, labda mlinzi amwendee kwanza aliyetukanwa, amwulize, ‘Umeumia?’ Mimi sikumwuliza kambo. Ningemwuliza, ningeona anacheka.”

“Aa!” Angèle akasema. “Ile mutoto imesema muzuri kabisa. Muandike ile.”

Tukaenda hivyo, neno moja likiita jingine. Ennie akauliza kuhusu vichanja, maana aliona vingine vikipandishwa na mtu asiye mwenyewe. Hakutaja jina, lakini macho yake yalikwenda kwa Maggie yakakaa hapo.

“Nilikuwa nausaidia moshi upite,” Maggie akasema.

“Moshi una miguu yake,” Eneless akamjibu, na hata Maggie mwenyewe akashindwa kujizuia, akacheka, kisha akaomba radhi. Tukakubaliana kwamba hakuna anayegusa kichanja cha mwenzake, hata mlinzi, ila samaki wakianza kuungua, na hapo amwite mwenyewe papo hapo.

Mlinzi kazi yake ni moto na zamu. Akiona ubaya, aseme “Ngoja,” kisha awaite wakubwa. Kumwondoa mtu tanurini si kazi ya mlinzi wala ya Idah peke yake. Ni neno la wote walioketi pamoja, tena baada ya kumsikiliza anayeshitakiwa. Kuhusu kulibadilisha tanuri, kila mtu aruhusiwe kuleta wazo, lakini ajaribu kwanza kwa samaki wake mwenyewe, na udongo wa tanuri usikatwe mpaka wengine wamekuja kutazama.

“Na nani ni mtu wa hapa?” Angèle akauliza. Aliuliza kwa mzaha, lakini mikono yake ilikuwa imefumbatana.

Idah hakufanya mzaha. “Aliyeleta tofali ni wa hapa. Aliyeleta kuni ni wa hapa. Aliyeleta wazo la vichanja ni wa hapa kabla ya wengi wetu. Na atakayekuja kesho na samaki wake, akazishika sheria hizi, naye ni wa hapa. Ziwa halimwulizi mtu ametoka upande gani.”

Angèle akafumbua mikono yake. “Aksanti,” akasema. Neno moja tu.

Idah akapaka udongo laini ubavuni mwa tanuri. Kisha akaichukua ile fimbo, akaitazama. “Hii nayo ni ndefu mno,” akasema, akaikata kipande kwa panga. Kile kipande akampa Esnart. “Wewe uliye shuleni, andika hapa maneno tuliyokubaliana. Kibemba upande huu, Kiswahili upande ule. Na kila asubuhi mlinzi ayaseme kwa sauti, kwa ajili yetu tusiojua kusoma vizuri.”

Esnart akaandika, ulimi nje kidogo, herufi kubwa kubwa. Watu wazima tulisimama nyuma yake tukimhimiza. Eneless alitaka iongezwe sheria ya kwamba chui asile mbuzi siku ya Jumapili. Angèle akasema basi na mbuzi asikubaliwe kumaliza kuni. Hizo hazikuandikwa, ingawa zilipigiwa vigelegele.

Alipomaliza, dada yangu Eneless akamshika bega. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mzaha usoni.

“Esnart, sikuoni mbaya. Ulinipenda, ukataka kunitetea, na kwa hilo nakushukuru. Lakini shika hili ukue nalo. Mtu akikupa fimbo, kabla hujaiinua, mwulize mwisho wake uko wapi. Na ukiona mtu ameonewa, mwulize yeye kwanza, usiyaulize macho yako tu. Na ninyi wakubwa,” akatugeukia, “kazi mnayompa mtoto bila kumwambia mipaka yake, mmempa mtumbwi bila kafi. Akipotea, msimpigie kelele mkiwa ufukoni.”

“Kweli,” Idah akaitikia.

Usiku ule Angèle alilala kwangu. Esnart alimpa mkeka wake, yeye akalala miguuni pangu. Kesho yake, tulipotoka kanisani, tukafungua mlango wa bati. Samaki walikuwa wakavu, rangi ya shaba, wananukia hata baiskeli zilizopita zikapunguza mwendo. Wachache waliokuwa chini kabisa ya tenga hawakupona, tukawatupa. Wengine wote walipona. Na pale walipopungua, kila mama aliongeza samaki wake mmoja. Maggie aliongeza wawili, bila kusema neno tamu lolote.

Tulimsindikiza mpaka mwaloni. Angèle akapanda boti, tenga magotini. Boti ilipokwisha kusukumwa majini, akasimama akaweka mikono mdomoni.

“Weye kambuzi kadogo!” akamwita Esnart. “Kula sana! Unenepe! Ziwa likifunguliwa narudi na chumvi!”

Wote tukamtazama mtoto. Alisimama, macho yamejaa. Nikadhani atalia. Kisha akavuta pumzi, akapiga kelele kwa nguvu zake zote:

“Njoo tu, chui usiye na meno! Utanimung’unya mpaka uchoke!”

Angèle akarudi nyuma kama aliyepigwa risasi, akaanguka juu ya magunia ya watu, anapiga yowe la kucheka. Wanawake wa mwaloni wakapiga vigelegele. Dada yangu Eneless akashika fimbo yake ya kutembelea, akacheza hapo hapo mchangani, anaimba kwamba Mungu amemwongezea mbuzi mwenye pembe.

Boti ikazidi kwenda mbali, na kicheko cha Angèle kikaendelea kutufikia juu ya maji. Esnart akaja akanishika mkono, mkono wake umepoa kwa upepo wa ziwa.

“Kambo,” akasema, “sasa na mimi nina wa kunizika.”

“Kwanza ishi, mwanangu,” nikamwambia. “Lakini ndiyo. Unaye. Tumshukuru Mungu.”